Msanifu wa usalama wa mtandao katika kampuni ya mikopo: anaanzia wapi?

Mwana-Uyole, Mbeya

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninasimamia mtandao na seva katika kampuni ya mikopo midogo yenye makao makuu hapa Mbeya mjini na matawi Tukuyu, Chunya na Makambako. Uongozi umeniomba nishike nafasi mpya ya msanifu wa usalama wa mtandao, kwa kuwa tunakusudia kuunganisha mfumo wa mikopo na malipo ya simu. Msanifu hufanya nini ambacho msimamizi wa mtandao hafanyi, na kazi yenyewe inaanzia wapi? Pia, mawasiliano ya Chunya hukatika mara kwa mara wakati wa masika, na meneja wa tawi anadai njia ya kuhudumia wateja hata mtandao usipokuwepo. Nimjibu nini?

Mlandege, Iringa

Kamwene, ndugu yangu. Msimamizi hukabidhiwa mfumo uliokwisha kujengwa akaulinda. Msanifu anapaswa kuwa mezani kabla mkataba na muuzaji haujasainiwa, kwa sababu ndiye anayeamua kila sehemu ya mfumo iiamini sehemu nyingine kwa ushahidi gani. Ukiitwa baada ya ununuzi, utabaki kuziba nyufa tu.

Usianze kwa kununua kifaa chochote. Chukua karatasi, ufuate mkopo mmoja tangu afisa mikopo wa Tukuyu anapoingiza maombi, meneja anapoidhinisha, seva inapotuma amri kwa kampuni ya simu, hadi hesabu zinapoandikwa. Katika kila hatua jiulize ni nani anayeweza kubadilisha kiasi au namba ya simu ya mkopaji, na ni nani atakayegundua. Aghalabu pengo huwa kati ya idhini na utumaji: maombi yaliyoidhinishwa hukaa kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa za mfumo, yakisubiri zamu, na mwenye mamlaka ya kanzidata anaweza kuweka namba nyingine, fedha zikatoka, kisha akairudisha namba ya awali. Ukiangalia skrini kesho yake huoni kitu. Dawa yake ni sahihi ya kidijitali, yaani alama ya kihisabati itokanayo na ufunguo wa siri wa anayeidhinisha, inayofunga kiasi na namba pamoja wakati wa kuidhinisha, ambayo seva ya malipo huihakiki kabla ya kutuma. Tarakimu moja ikiguswa, idhini inakufa.

Soma kwa makini yaliyoipata Benki Kuu ya Bangladesh mwezi Februari 2016. Wezi walituma amri za uongo kupitia SWIFT, mtandao ambao benki za dunia hutumia kupelekeana amri za malipo, na dola milioni 81 zikaishia Ufilipino. Printa iliyokuwa ikichapa taarifa za miamala ilikuwa imezimwa, hivyo onyo likachelewa. Nami nasisitiza hapa kuliko popote: uthibitisho wa malipo usipite katika mfumo uleule uliotuma malipo. Chukua taarifa moja kwa moja kutoka kampuni ya simu, ilinganishwe kila siku na mtu asiye na mamlaka ya kutuma fedha.

Mama Nyota, Makambako

Kuhusu Chunya, mwanangu, mkubalie meneja nusu tu. Marejesho yapokelewe bila mtandao, kwa stakabadhi zenye namba mfululizo, katika kompyuta ambayo diski yake imesimbwa (taarifa zake hazisomeki bila ufunguo), kisha yapakiwe laini ikirudi. Kutoa mkopo bila mtandao kusiruhusiwe kabisa, kwani tawi haliwezi kujua kama mtu huyohuyo amekopeshwa Makambako asubuhi ileile. Kabla ya yote, weka laini ya pili ya kampuni nyingine ya simu.

Karani wa Sheria, Njombe

Naongeza jambo moja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawahusu moja kwa moja, maana mnahifadhi vitambulisho, picha na taarifa za wadhamini. Muulize muuzaji seva zake ziko nchi gani, kwa sababu kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi kuna masharti yake.

Mwana-Uyole, Mbeya

Nawashukuru sana. Nitaanza kuchora njia ya mkopo pamoja na afisa mikopo na meneja wa Tukuyu.

Mlandege, Iringa

Mwite na mhasibu anayesuluhisha hesabu za kila siku. Miamala isiyolingana huiona yeye kwanza, na mara nyingi anazijua njia za mkato ambazo hazimo kwenye mwongozo wowote.