Mshipa wa Baba Mkubwa

Shangazi Mwanaidi, 19:02
Wanangu, leo nimemkuta kaka ameketi barazani anakula muhogo, mwezi mmoja tu tangu azibuliwe mshipa wa moyo, na kifuani hana hata kovu. Hivi mafuta yale yalitolewa kwa njia gani?

Salma, 19:10
Shikamoo shangazi. Mafuta hayakutolewa, yamo humo humo. Daktari alipitisha mrija mwembamba kwenye kifundo cha mkono, akaufikisha kwenye moyo huku akiufuatilia kwa eksirei, akapuliza kijiputo palipokuwa pamesinyaa hadi mafuta yakabanwa ukutani mwa mshipa, kisha akaacha stenti, yaani wavu mdogo wa chuma, ili mshipa usisinyae tena. Baba Mkubwa alikuwa macho muda wote.

Idrisa, 19:14
Nilipoingia wodini alikuwa amefungwa bangili ya plastiki iliyojazwa hewa, na muuguzi akawa anaipunguza hewa hiyo kwa bomba la sindano, kidogo kidogo, akichungulia kama damu inachuruzika.

Shangazi Mwanaidi, 19:17
Marahaba mwanangu. Mbona jirani yetu alipasuliwa kifua kizima?

Salma, 19:23
Yule mishipa yake mitatu ilikuwa imeziba na tena ana kisukari. Mtu wa namna hiyo mara nyingi hufaidika zaidi akipandikizwa mishipa iliyochukuliwa mguuni au nyuma ya mfupa wa kidari kuliko kuwekewa stenti nyingi. Puto lenyewe si jambo la majaribio: daktari Andreas Grüntzig alilitumia mjini Zürich, Uswisi, mwaka 1977, naye mgonjwa wake alikuwa macho, na stenti za kwanza za moyo ziliwekwa mwaka 1986.

Baba Mkubwa, 19:31
Nimewasoma wote. Salma, jino la nyuma linanisumbua, na pale nilipokwenda kuling'oa nimeambiwa niache vidonge vya kuzuia damu kuganda kwa siku 7. Jana sikumeza, na leo bado.

Salma, 19:32
Baba Mkubwa, nakuomba umeze dozi ya leo kabla hujanijibu. Stenti yako bado haijafunikwa na utando wa mwili, na damu ikiganda juu yake mshipa huziba ghafla. Aspirini na klopidogreli, yaani vidonge hivyo vya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida huenda pamoja miezi 6 hadi 12, na wa kuzisimamisha ni daktari wako wa moyo. Jino huweza kung'olewa huku unameza: kidonda hubanwa kwa pamba, na ikibidi hushonwa.

Baba Mkubwa, 19:36
Nimemeza. Idrisa ni shahidi.

Idrisa, 19:49
Ni kweli. Nimempigia daktari wa zamu, amesema dozi ya jana isifidiwe, na kesho saa 2 asubuhi tumpeleke akaonwe kabla jino halijaguswa.

Shangazi Mwanaidi, 19:52
Mkifika mumweleze daktari pia kwamba ule muhogo ulikuwa wa kukaanga.