Naomba ushauri: kanuni kuu ya pragmatizimu itetewe kwa hoja gani?

Wakuu, salaam. Nimekwama kwenye kanuni kuu ya pragmatizimu (falsafa inayopima mawazo kwa matokeo yake katika kutenda), aliyoitoa mwanafalsafa Mmarekani Charles Sanders Peirce mwaka 1878: maana yote ya dhana imo katika matokeo ya kiutendaji tunayoweza kuyafikiria. Kusema almasi ni ngumu ni kusema vitu vingi havitaikwaruza. Sawa, lakini kwa nini tuikubali?

Kwanza nimejaribu njia yake mwenyewe: imani ni mazoea ya kutenda, hivyo imani mbili zisizotofautiana katika tendo lolote ni imani moja. Hoja inakwenda vizuri, ila imeegemea saikolojia, yaani jinsi akili za watu zinavyofanya kazi, na Peirce mwenyewe aliuona udhaifu huo. Katika mihadhara yake ya Harvard ya 1903 alitafuta msingi mwingine. Njia ya pili, "tuitumie kwa kuwa inafaa", naiona mbovu zaidi: inafanya kufaa kuwa kipimo wakati kipimo hicho ndicho kinachohojiwa. Ni kuzunguka palepale. (William James, mwanapragmatizimu mwenzake, anaingiza pia faida za kuamini, hapo simfuati, maana ya sentensi ni kitu kimoja na athari za kuiamini ni kingine.)

Maswali yangu: je, kanuni ya mbinu inahitaji uthibitisho kama dai la ukweli, au inatosha kuonyesha kwamba uchunguzi hauendi bila hiyo? Na ikipimwa kwa kipimo chake yenyewe, anayeikubali na anayeikataa watatofautiana wapi hasa katika kutenda? Hata hoja fupi itanisaidia sana.