Naomba ushauri: programu ya zamani ya C inakufa inapoandika tarehe

Mtunza_Stoo:
Wakuu, salaam. Nimeachiwa programu ya stakabadhi za ghala iliyoandikwa kwa C miaka ya 1990. Kwenye seva ya zamani ilikwenda vizuri, isipokuwa baadhi ya stakabadhi zilitoka bila alama ya malipo, na lawama zote zikaangukia printa. Nimeikompaili upya kwenye Ubuntu kwa -O2 (kiwango cha uboreshaji wa msimbo), na sasa inakufa ikifika mstari huu, ikilalamika "buffer overflow detected":

sprintf(r.tarehe, "%02d/%02d/%02d", t->tm_mday, t->tm_mon + 1, t->tm_year);

Ndani ya muundo (struct) wa rekodi kuna char tarehe[9], yaani nafasi ya baiti tisa, kisha char hali, yenye alama ya malipo. Je, nikiweka snprintf, inayopewa kikomo cha urefu, nitakuwa nimemaliza?

FundiMsimbo:
Mkuu, printa mmeionea. tm_year huhesabu miaka tangu 1900, kwa hiyo mwaka 1999 ilikuwa 99 na mwaka 2000 ikawa 100, nayo %02d huweka upana wa chini tu, haikati kinachozidi. Tarehe 12/05/2024 inaandikwa 12/05/124, herufi tisa zinazoijaza bafa yote (ile nafasi ya tarehe), na ile sifuri ya kufunga, ambayo C huiweka mwishoni mwa maandishi, inamwagikia kwenye hali. Popote msimbo unapojaza hali kabla ya tarehe, alama ya malipo inafutika kimyakimya. Kompaila mpya imelifichua kosa tu.

Ukiweka snprintf peke yake, programu haitakufa, ila itakata tarakimu ya mwisho na kuandika 12/05/12, na mhasibu atasoma 2012. Stakabadhi zote za 2020 hadi 2029 zitasomeka hivyo. Kwangu mimi hilo ni baya kuliko programu kufa, maana hakuna atakayeshtuka.

Mtunza_Stoo:
Ahsante sana. Basi niipanue iwe tarehe[11] niandike mwaka kamili?

Mlinda_Seva:
Usiiguse kabla hujaangalia kama muundo huo unaandikwa kwenye faili kwa fwrite, inayonakili baiti zake kama zilivyo. Kama ndivyo, kila rekodi itabadilika ukubwa na data za zamani zitasomwa shaghalabaghala. Acha baiti tisa, utumie strftime, kazi ya C ya kuandika tarehe, yenye "%d/%m/%y" (mwaka wa tarakimu mbili), ambayo hupewa ukubwa wa bafa na hurudisha 0 matokeo yasipotosha. Jibu hilo ulikague. Mwaka kamili uweke kwenye karatasi inayochapwa tu.

Kisha utafute tm_year kwenye mafaili yote. Programu za umri huo mara nyingi zina "19%d" mahali fulani, na hiyo itakuandikia mwaka 19124.

Mtunza_Stoo:
fwrite ipo, na "19%d" nimeikuta kwenye ripoti ya mwezi. Naanza na strftime.