Naomba ushauri: kufunga ekseli nzito ya Dana 60 nyuma ya Hilux

Wakuu habari zenu, nina Hilux 4x4 ya kupigia porini, tairi ni za inchi 37 na ekseli ya nyuma naona inaelemewa, ukikanyaga mafuta kwenye mawe unasikia kabisa difu inalia. Nimepata Dana 60 ya kufuloti, ile ambayo uzito wa gari unabebwa na hab sio shafti, kwa hiyo hata shafti ikikatika tairi halichomoki. Sasa shida inaanzia hapa, difu ya mbele ina uwiano wa gia 4.10 (propela inazunguka mara 4.10 tairi likizunguka mara moja) na hii ni 3.54, najua zisipolingana nikiweka 4x4 kwenye ardhi ngumu nitaua transfa kesi (boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma). Je, nibadilishe krauni na pinioni (gia za ndani ya difu) ya nyuma tu au zote mbili niende 4.88 maana tairi ni kubwa? Halafu vikalio vya springi fundi anataka kuvichomelea kwenye ekseli moja kwa moja gari likiwa kwenye jeki, mimi naona tushike kwa nukta za weldingi kwanza, lishuke chini, tupime engo ya pinioni (mwinamo wa pua ya difu inapoungana na propela) ndo tumalizie. Na hab zake ni bolti 8, mbele ni 6, spea tairi mnabebaje??