Feni ya hita ya karavani kuukuu: oili, mota mpya au seti nzima?

Kipanga12: Wakuu, hita ya gesi ya volti 12. Feni inaanza kwa kusuasua, inakoroma, inazunguka polepole. Moto hauwaki kabisa. Nitie oili bushi (vikombe vinavyoshika shafti ya mota), nibadili mota, au ninunue seti nzima ya feni?

Mzee_wa_Waya: Usinunue kitu bado. Pima volti kwenye waya za mota wakati feni inazunguka. Isipozunguka, hata waya mbovu husoma 12, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Ikishuka chini ya 10.5, tatizo ni umeme. Weka ncha moja ya multimita kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye chanya ya mota. Ikizidi nusu volti, kuna kiungo kilicholiwa na kutu au relei (swichi ya umeme) iliyoungua. Rudia upande wa hasi. Ethi, yaani waya wa hasi, iliyofungwa kwenye bati lenye kutu husumbua sana.

BintiGesi: Na moto kutowaka ni ugonjwa huohuo. Kuna swichi yenye kibapa kinachosukumwa na upepo. Feni isipofika kama robo tatu ya kasi yake, swichi haifungi na vali ya gesi haifunguki. Msije mkairuka kwa waya! Ndiyo inayozuia gesi kuwaka bila hewa ya kutosha.

Kipanga12: Nimepima: 12.4, bado polepole. Kwa mkono shafti ni nzito.

FundiShafti: Basi umeme hauna kosa. Zima gesi, chomoa fyuzi, toa feni. Kagua gurudumu la feni (lenye mapanga) na njia ya moshi kwanza, maana nyigu hupenda kujenga humo. Kukiwa safi, bushi zimekauka.

Oili: tone moja au mawili ya oili nyepesi ya mashine kila upande. Ile dawa ya kopo ya kulegeza kutu hukauka upesi, kelele zikarudi. Shafti ikicheza ubavuni, bushi imeliwa na oili haitasaidia.

Mota peke yake: ningechagua hii, mradi magurudumu ni mazima. Shafti hutoka pande mbili, upande mmoja hewa ya chumbani, mwingine hewa inayolisha moto. Loweka kwa oili skrubu zinazobania magurudumu kwenye shafti usiku kucha. Ukilazimisha, gurudumu linapasuka. Wakati wa kurudisha, skrubu ikae kwenye ubapa wa shafti. Ukigeuza waya, feni itazunguka kinyume, upepo utakuwa hafifu, na utarudi kwenye dalili zilezile.

Mzee_wa_Waya: Pima ampea pia. Polepole na ampea nyingi kuliko zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mota, kuna kitu kinabana. Polepole na ampea chache, kaboni (brashi zinazopeleka umeme ndani ya mota) zimeisha.

BintiGesi: Seti nzima nunua gurudumu likiwa limepasuka au ganda la feni limeoza. Njia yoyote utakayochagua, weka gasketi mpya upande wa moto. Ya zamani ikivuja, kaboni monoksidi, gesi ya sumu, huingia ndani, na haina harufu.

Kipanga12: Shafti haichezi. Naanza na oili, mota naagiza pembeni.