Taa za ABS, breki na ya kuteleza zinawaka na kuzima zenyewe, nianzie wapi?

Tulivu_Barabarani
Wakuu habarini za humu. Naombeni mawazo kabla sijaanza kumwaga hela. Gari yangu ni ndogo tu ya petroli, otomatiki, nikiwa natembea zinawaka taa kwa mpigo: ya ABS (mfumo unaozuia tairi kufunga ukikanyaga breki) ya njano, ile yenye kagari kanakoteleza, na muda mwingine nyekundu ya breki nayo inajiunga. Nikizima gari nikawasha tena zinapotea kabisa, naweza kutembea siku nzima hakuna kitu, halafu nikipita kwenye matuta au nikikata kona kali ya kulia hizo hapo zimerudi. Breki zinakamata vizuri, pedali haizami, hakuna mlio wowote. Fundi wa kwanza kachomeka kimashine chake akasema hakuna kodi (namba ya hitilafu) yoyote gari nzima. Wa pili hata hakupima, kachungulia dashibodi tu akasema pampu ya ABS imekufa tafuta nyingine. Sasa mimi najiuliza, pampu iliyokufa inafufukaje nikizima gari? Na je niendelee kuiendesha au nipaki?

Gia_Mbili
Hiyo pampu mkuu, usijisumbue, badilisha ulale usingizi.

Spana_Kumi
@Gia_Mbili mbona unamuua mwenzio mchana kweupe? Pampu inaweza kufa ndio, na kwenye baadhi ya magari risasi ya kuunganishia (solda) ndani ya kontroli boksi, ile kompyuta ya ABS, inapasuka kwa joto na taa zinakuja na kuondoka hivi hivi, ila hicho ni kitu cha mwisho kushukiwa. Tena tatizo linalokuja na matuta na kona mara nyingi liko huku chini kwenye tairi, haliko kwenye boksi.

@Tulivu taa tatu kuwaka pamoja haina maana vitu vitatu vimeharibika. ABS, mfumo wa kuzuia kuteleza na ule unaogawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma (EBD) vyote vinakula sahani moja, yaani spidi ya kila tairi inayoletwa na sensa nne. Sensa moja ikidanganya boksi halijui limuamini nani, linajiondoa na kuwasha taa. Ikitokea EBD nayo imezimwa ndio nyekundu inaungana. Ukizima switchi na kuwasha linajipima upya, likikuta wakati huo waya umegusana vizuri linaona kila kitu kiko sawa. Umeona sasa "pampu" inavyofufuka?

Kuhusu kimashine, vingi vya bei rahisi vinavyochomekwa kwenye OBD2 (plagi ya kupimia gari) vinasoma injini peke yake. Kodi za injini zinaanza na P, za breki nyingi zinaanza na C na zinakaa kwenye kompyuta ya ABS, kwa hiyo fundi wa kwanza hakudanganya, kasoma chumba kisicho chake. Tafuta mashine inayoingia ABS, na mwambie asifute kitu kabla hajaandika alichokuta. C0035 kwa kawaida ni upande wa mbele kushoto, C0040 mbele kulia, C0045 nyuma kushoto, C0050 nyuma kulia, ila makampuni mengi yana kodi zao wenyewe kwa hiyo angalia maelezo ya gari lako.

Kuendesha: ikiwa ni njano tu breki za kawaida zipo, ila ukikanyaga kwa nguvu tairi zinaweza kufunga na gari likateleza, nenda taratibu acha nafasi. Nyekundu ikikaa pamoja nazo ni zito zaidi maana hata tairi za nyuma zinaweza kufunga mapema, usitembee nayo spidi kubwa wala usipakie mzigo. Na siku pedali ikiwa laini au inazama, hapo ni kupaki na kuita gari la kuvuta, hakuna mjadala.

Bi_Stelingi
Mmekimbilia mashine na hamjamuuliza kitu cha bure kabisa. Fungua boneti angalia mafuta ya breki yako wapi. Yakiwa karibu na MIN, ukikata kona yanaegemea upande mmoja, boya la kwenye kikopo linashuka na taa nyekundu inawaka, ukinyoosha inazima. Na usikimbilie kujazia tu! Mafuta hushuka yenyewe taratibu pedi zinavyoisha kwa sababu pistoni zinatoka nje zaidi, kwa hiyo yakishuka kagua pedi kwanza na uangalie kama kuna mahali panavuja.

Cha pili betri. Gari likiwa limelala usiku kucha lisome kama volti 12.6, likiunguruma liwe kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Boksi la ABS halipendi umeme mdogo, kwenye magari mengine ukishuka tu linazima mfumo na kuacha kodi za ajabu ajabu unazohangaika nazo mwezi mzima. Kagua na waya wa ethi (ule wa hasi unaofungwa kwenye bodi) kama una kutu.

Na switchi ya pedali ya breki pia, mwambie mtu asimame nyuma uone taa za breki zinawaka kila unapokanyaga. Nyingine zinaruka na mfumo wa kuteleza unachanganyikiwa.

Mzee_wa_Lami
Samahani nadandia uzi. Yangu inawasha hiyo ya kuteleza ila pamoja na chek injini, ABS haiwaki. Nayo ni sensa ya tairi?

Spana_Kumi
@Mzee_wa_Lami hapana mzee, wewe shughulika na injini. Mfumo wa kuteleza unatumia injini kupunguza nguvu tairi zikizunguka hovyo, injini ikiwa na hitilafu mfumo unajizima wenyewe. Kwenye Toyota utakuta mpaka kodi C1201 kwenye boksi la breki, nayo inakwambia tu nenda kaangalie injini. Watu wananunua sensa za tairi bure hapo. Tengeneza injini, hiyo nyingine itaondoka yenyewe.

Tulivu_Barabarani
Nimerudi wakuu. Mafuta ya breki yako juu karibu na MAX, pedi bado nene, volti 14.1 ikiunguruma, taa za nyuma zinawaka kila nikikanyaga. Nimepata fundi mwenye mashine inayosoma ABS, kaikuta kodi ya sensa ya mbele kushoto, imeandikwa signali inakatika katika. Anataka tununue sensa leo leo. Ninunue? Kinachonichanganya ni kwamba tatizo linakuja nikikata kulia, mbona kodi ni ya kushoto?

Spana_Kumi
Hapo ndipo penye utamu. Ukikata kulia uzito wa gari unahamia kushoto, beringi ya kushoto ndiyo inabebeshwa na shokapu ya kushoto ndiyo inabonyea, na tairi ikigeuka waya wa sensa unavutika. Kwa hiyo vinaongea lugha moja kabisa.

Sensa usinunue bado. Kodi inakwambia boksi halipati signali ya kona hiyo, haikwambii sensa yenyewe ndiyo mbovu. Kuna sensa, kuna waya, kuna plagi, kuna ringi inayosomwa na sensa (ya meno au ya sumaku, inazunguka na tairi), kuna beringi.

Anza na laivu data, yaani namba ambazo mashine inaonyesha gari likiwa linatembea. Weka spidi za tairi zote nne kwenye grafu, mwingine aendeshe wewe uangalie (tafadhali usiendeshe huku unakodolea simu). Ukinyooka mistari yote minne inatembea pamoja, kwenye kona tairi za nje zinakuwa na spidi kidogo zaidi na hiyo ni kawaida. Unatafuta mstari unaodondoka ghafla mpaka sifuri au kurukaruka. Kisha gari likiwa limesimama kwenye stendi imara zungusha tairi hilo kwa mkono, msaidizi aangalie grafu, wewe utikise waya kipande kwa kipande kuanzia kwenye habu (kitovu cha tairi) mpaka kwenye plagi huku stelingi ikigeuzwa mwisho huku na huku. Sensa nyingine hazisomi spidi ndogo ya mkono, ikiwa hivyo pima mwendelezo wa waya kwa multimita (kipimo cha umeme) huku unautikisa.

Ila angalia hapa. Sensa za zamani za koili unaweza kuzipima ohmu, nyingi zinasoma kati ya mia kadhaa na elfu mbili hivi. Za kisasa zina elektroniki ndani na zinahitaji umeme wa boksi, hizo usiziguse na kipimo cha ohmu, utapata namba isiyo na maana na unaweza hata kuiua. Soma ni ipi kabla ya kushika multimita.

Beringi: shika tairi juu na chini litikise. Likicheza, au ukizungusha linakoroma, hiyo ndiyo kazi yako, kwa sababu ikilegea nafasi kati ya sensa na ringi inabadilika na signali inapotea kwenye kona. Ukibadilisha beringi ya kisasa kuwa makini, ringi ya sumaku iko upande mmoja tu kwenye sili, ikigongwa kinyumenyume sensa haioni kitu.

Gia_Mbili
Na ringi yenye meno kwenye draivu shafti ikipasuka kwa kutu? Ya jamaa yangu ABS ilikuwa inapiga teke pedali akiwa anakaribia kusimama kabisa, barabara kavu.

Spana_Kumi
Hiyo ndiyo dalili yake haswa, jino moja linakosekana boksi linadhani tairi imefunga. Ila ya Tulivu haipigi teke, kwa hiyo mimi naweka kura kwa waya.

Tulivu_Barabarani
Ni waya! Beringi imara haichezi. Tulipogeuza stelingi mpaka mwisho na kuuvuta kidogo pale unapofungwa kwenye shokapu mstari ukadondoka hapo hapo, kishikio cha plastiki kilikuwa kimevunjika na waya ulikuwa unaning'inia. Kwa nje ganda zima kabisa, ukiukunja unahisi ndani umekatika. Fundi anasema akate aunganishe kwa tepu, inatosha?

Bi_Stelingi
Tepu hapana! Hapo ndipo waya unapokunjika kila ukigeuza stelingi na kila tuta, maji yataingia utakuwa hapa tena. Kama waya umeungana moja kwa moja na sensa nunua vyote pamoja, kama kuna kipande cha katikati chenye plagi mbili nunua hicho tu. Na kishikio kipya kiwekwe, bila hicho mpya nao utakatika.

Spana_Kumi
Naunga mkono. Safisha tundu la sensa kwa brashi kabla ya kuingiza mpya maana kutu ikiinyanyua nafasi inakuwa kubwa, na usiigonge kwa nyundo. Ukimaliza futa kodi, halafu usishtuke taa ikibaki kidogo mwanzoni, magari mengi hayaizimi mpaka uanze kutembea boksi lione tairi zote nne zinasoma. Kata hiyo kona ya kulia na grafu ikiwa wazi kabla hujamlipa fundi.