MJADALA: Barua ya juri Uingereza, kuahirisha mara moja kunatosha?

Mleta mada

Wakuu, hasa mlioko Uingereza. Barua ya juri ikiingia nyumbani kwa Mswahili, swali la kwanza huwa "natokaje hapa?" Nasema watu hawaulizi hivyo kwa uvivu. Kanuni ya kuahirisha imetungwa na mtu anayelipwa kwa mwezi.

Kwa asiyejua: kesi nzito za jinai kule Crown Court huamuliwa na juri, yaani watu 12 wa kawaida, wenye miaka 18 hadi 75, waliochotwa kwa bahati nasibu kwenye daftari la wapiga kura. Wengi hudhani lazima uwe na pasipoti ya Uingereza. Si kweli. Mtanzania, Mkenya, Mganda au Mnyarwanda ni mtu wa Jumuiya ya Madola, kwa hiyo akiwa mkazi halali anaandikishwa kwenye daftari, na akishaishi huko miaka 5 anaweza kuitwa. (Mtanzania wa ughaibuni hapigi kura ya kwao, ila anaweza kuamua kama Mwingereza ana hatia. Hilo tuliweke kiporo.) Mkongo na Mrundi hawaguswi mpaka wachukue uraia.

Una siku 7 za kujibu. Utumishi wenyewe kwa kawaida ni siku 10 za kazi. Ukikaidi, faini inaweza kufika pauni 1,000. Kuahirisha ni mara moja tu, kwa sababu watakayoikubali, mfano mtihani, upasuaji au safari iliyokwisha kulipiwa, na tarehe mpya iwe ndani ya miezi 12. Kusamehewa moja kwa moja ni kwa nadra.

Sasa tupige hesabu. Mwajiri analazimika kukuruhusu, halazimiki kukulipa. Mahakama hufidia kipato kilichopotea, lakini kwa siku 10 za kwanza haivuki pauni 64.95 kwa siku. Aprili 2025 kima cha chini kwa mwenye miaka 21 na zaidi kilipanda kuwa pauni 12.21 kwa saa. Saa nane ni pauni 97.68. Pengo ni pauni 32.73 kila siku, na kwa siku 10 ni pauni 327.30 kabla ya kodi. Hiyo ni kwa mtu wa kima cha chini! Fundi bomba aliyejiajiri hata sitaki kumhesabia.

Kuahirisha kunamsaidia nini huyu? Pengo la Machi linahamia Oktoba, basi.

Hoja yangu ina pande mbili. Kwanza, kuahirisha mara ya kwanza kusiombewe ruhusa. New York unapiga simu au unaingia mtandaoni, unachagua tarehe kati ya miezi 2 na 6 mbele, imeisha. Pili, fidia isishuke chini ya kima cha chini cha siku hiyo. Ya pili ikikubaliwa, hata mkitaka kufuta kuahirisha kwa sababu za kazi, sitapiga kelele. Karibuni mnipinge.

Mchangiaji, Leicester

Mkuu, Crown Court zina kesi zaidi ya 70,000 zinazosubiri. Kuna mama aliyebakwa, anangoja miaka. Wewe unataka kila mtu ajisogezee tarehe kama anaahirisha kunyoa nywele?

Mleta mada

Kesi zimerundikana kwa uhaba wa mawakili na majaji, na majengo mabovu. Wajumbe wa juri huitwa wengi kuliko wanaohitajika, na kuna wanaoshinda siku nzima chumba cha kusubiria bila kupangiwa kesi. Mtu akisogea, mwingine yupo.

Mchangiaji, Reading

Mimi Mkenya, na nakataa upande wako wa kwanza. Enzi za mkoloni kwetu, juri ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika alihukumiwa na jaji aliyekaa na wazee washauri, ambao kauli yao jaji hakufungwa nayo. Leo nafasi tumepewa, bado tunatafuta mlango wa nyuma. Ukirahisisha kuahirisha, atakayeitumia sana ni nani? Kea (mtunza wazee na wagonjwa), dereva wa teksi, mtu wa ghala. Watabaki wastaafu na wafanyakazi wa ofisini. Kijana wetu akisimama kizimbani Luton, nataka kea awe mmoja wa wale 12. Ongezeni pesa, kanuni iacheni ilivyo.

Halafu kumbukeni Desemba 2025 Waziri wa Sheria, David Lammy, alitangaza mpango wa kuondoa juri kwenye kesi nyingi ambazo kifungo chake hakitarajiwi kuzidi miaka 3. Tunagombania kuahirisha kitu kinachopunguzwa.

Mchangiaji, Milton Keynes

Kaka zangu, mmeongea pesa na historia, watoto hamjawagusa. Mume wangu yuko zamu za usiku. Gharama ya mlezi wanairudisha hadi kiwango fulani, kwa vielelezo. Shangazi anayenishikia mtoto hana risiti wala hataki kusaini karatasi ya mahakama. California mama anayenyonyesha anaahirisha hadi mwaka mzima kwa mujibu wa sheria. Huku najieleza kwa karani na kusubiri atanionaje. Kwangu mimi, hiyo ya kwanza ya mleta mada ndiyo ya maana kuliko fidia.

Mleta mada

Dada, umenipa nguvu. Wa Reading, hofu yako ya juri ya wastaafu naielewa, ila New York anayeahirisha hajafutwa, anarudi kwa tarehe aliyoichagua mwenyewe. Kea aliyepanga shifti zake atakuja kuliko yule aliyeburutwa. Na wa Leicester, kuhusu fidia hujasema lolote. Unaikubali au huikubali?